Leseni ya Kukaa

Katika pasipoti yangu ya zamani kuna kibandiko kilichojaza ukurasa mzima, kina picha yangu nimefunga mtandio wa buluu. Nilibandikiwa Novemba 2016. Nilipokabidhiwa pasipoti dirishani nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikakisoma neno kwa neno. Jina langu. Tarehe ya mwisho, miaka mitatu mbele. Kazi: mwekezaji. Kafili: jina la kampuni, na kampuni hiyo ilikuwa yangu peke yangu. Kwa hiyo mbele ya serikali ya Umoja wa Falme za Kiarabu, aliyenidhamini mimi ni mimi mwenyewe, kwa nguvu ya leseni yenye umri wa wiki tano ambayo ilikuwa haijauza hata chupa moja ya marashi.

Nililia kwa furaha pale kwenye ngazi. Nalisema hili kwa sababu kila wiki napigiwa simu na vijana wa kwetu wanaotaka kupita njia ile ile, na sitaki wadhani kwamba naidharau furaha hiyo. Ni furaha ya kweli. Mtu aliyezoea kuhesabu siku za viza ya matembezi, akiambiwa sasa kaa miaka mitatu, hupumua hadi tumboni.

Tangu 2009 nilikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Nilikuwa na fremu Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, ya mabaibui, mitandio na marashi. Kila baada ya miezi miwili au mitatu nilikwenda Dubai kwa viza ya siku 30, tukilala wanawake wanne chumba kimoja cha hoteli ya Naif, mchana madukani, usiku tukikaza mabegi kwa magoti. Ukishuka asubuhi kutoka Naif kuelekea Sabkha utasikia Kiswahili cha Dar, cha Mombasa, cha Bujumbura na cha Lubumbashi kabla hujafika kwenye hori, pale boti za abra zinapovusha watu kwa dirham moja. Sikuwahi kujiona mgeni sana. Mwaka 2015 ndoa yangu ilivunjika, na mji ambao hakuna jirani wa kukuuliza kulikoni ukaanza kunivuta kwa namna nyingine. Nikataka kukaa.

Hapo ndipo penye kiini cha haya ninayoandika. Sikutaka kufungua biashara Dubai. Biashara nilikuwa nayo, Kariakoo. Nilitaka kukaa Dubai, na biashara ndiyo ilikuwa mlango niliouona wazi. Ajira ingenipa kafili ambaye ni mtu, naye angeweza kuamka siku moja akaifuta viza yangu. Kampuni yangu isingeweza kunifukuza. Ndivyo nilivyofikiri.

Wakala aliyenishughulikia alikuwa kijana wa kwetu, mwenye maneno mazuri na heshima nyingi. "Dada, ukiwa na kampuni yako unajikafili mwenyewe," aliniambia. Akanieleza njia mbili. Ya kwanza ni kampuni ya ndani ya Dubai, na wakati ule sheria ilitaka mshirika raia awe na asilimia 51 ya hisa katika kampuni kama ile niliyoitaka. Ya pili ni eneo huru, ambako mgeni humiliki kampuni yote bila mshirika. Asilimia 51 ilinitisha. Nikachagua eneo huru katika ufalme mwingine wa jirani, kwa kuwa lilikuwa rahisi zaidi: leseni, haki ya kutumia meza katika ofisi ya pamoja, na nafasi ya viza moja. Dirham 18,000. Dirham moja wakati ule ilikuwa karibu shilingi 600, kwa hiyo ilikuwa inakaribia milioni 11. Niliuza kiwanja changu cha Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, ambacho marehemu baba alikuwa amenigawia.

Taratibu zilikwenda haraka kuliko nilivyozoea kwetu. Leseni, kadi ya kampuni, kibali cha kuingia, kisha vipimo: damu, na picha ya kifua. Katika chumba cha kungojea upande wa wanawake tulikaa kwenye viti vya plastiki, Wahabeshi, Wafilipino, Wahindi, na mimi. Karibu wote walikuwa wanakwenda kufanya kazi majumbani mwa watu. Msichana wa Kihabeshi aliyekaa kando yangu aliitazama fomu yangu, akaona palipoandikwa mwekezaji, akanisogezea kiti chake kilichokuwa karibu zaidi na feni. Sijaisahau heshima ile. Mfukoni nilikuwa nimebakiwa na dirham 2,300, na yeye aliyekuwa na mshahara unaomsubiri alikuwa na uhakika wa kesho kunishinda mimi.

Mambo ambayo wakala hakuniambia niliyajua moja baada ya jingine, na kila moja kwa gharama yake. Nilipata kifremu kizuri nyuma ya soko la Naif. Mwenye nyumba akaomba leseni, akaisoma, akanirudishia kwa upole: hii ni ya eneo huru, haikuruhusu kufungua duka ndani ya Dubai. Niliweza kununua bidhaa na kuzisafirisha nje ya nchi. Kusimama nyuma ya kaunta nikauza rejareja mjini, hapana. Nikaenda benki kufungua akaunti ya kampuni. Mbili zilinikataa kwa sababu kampuni yangu haikuwa na ofisi zaidi ya ile meza, wala historia ya mauzo. Ya tatu ilinikubali kwa sharti la kuacha ndani kiasi cha fedha ambacho kwangu ndicho kilikuwa mtaji wote. Na kikubwa kuliko vyote: viza ni ya miaka mitatu, lakini leseni ni ya mwaka mmoja. Leseni ikilala, viza haina pa kusimama. Mwezi wa kumi na moja wa leseni ukaleta barua ya kuhuisha, dirham 11,500.

Nilikuwa nimekodi kitanda Deira, dirham 800 kwa mwezi, chumba cha watu sita. Nikaanza maisha ambayo leo nikiyatazama naona uchungu. Nilikuwa nasafiri kwenda Dar kuuza, nakusanya faida ya Narung'ombe, narudi nayo kuilisha leseni ya Dubai. Fremu iliyokuwa hai ndiyo iliyokuwa ikimbeba mfu. Wateja wangu wa Kariakoo walianza kulalamika kwamba mzigo umepungua, rangi ni zile zile za msimu uliopita. Walisema kweli. Fedha ya rangi mpya ilikuwa imekwenda kununua haki yangu ya kulala kwenye kile kitanda.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Desemba 2017 nilinunua daftari la kurasa 96, nikakaa mkahawani nikagawa ukurasa kwa mstari. Upande wa kushoto: leseni 11,500, kitanda 9,600, tiketi, simu, chakula, makato ya benki. Jumla ikapita 30,000. Upande wa kulia, mapato ya kampuni kwa mwaka mzima: 4,200.

Nilizikodolea macho zile 4,200 muda mrefu, kwa sababu sikuzikumbuka zilikotoka. Sikuwa nimeuza marashi wala mabaibui. Nikarudi kwenye ujumbe wa simu nikazifuatilia. Zilitoka kwa akina mama watatu wa Dar na bwana mmoja wa Lubumbashi ambao, kwa nyakati tofauti, waliniomba jambo dogo: "Dada, wewe uko huko, nenda ukanitazamie mzigo wangu kabla haujafungwa." Nilikwenda, nikatazama, wakanitumia kitu cha ahsante.

Kumbe kazi ilikuwa hiyo, nami nilikuwa nikiifanya kama fadhila.

Naomba nieleze kidogo, maana watu hudhani kazi ya kutazama mzigo ni kuangalia tu. Mteja ameonyeshwa sampuli ya baibui la kitambaa cha nida, zito, jeusi tii, analipia 120. Mzigo unaofika kwenye ofisi ya kago umefungwa kwenye nailoni, kumi kumi, na juu ya kila fungu kuna moja zuri. Mimi hufungua yote. Namtoa mdoli kichwani mwangu, yule wa dirishani aliyevikwa kilicho bora, nabaki na kitambaa. Naliinua baibui mbele ya taa ya dirishani: nikiuona mwanga unapenya kwapani, hilo si la kitambaa kile cha sampuli. Navuta mshono wa bega kwa vidole gumba viwili. Nahesabu shanga za mkono wa kushoto na wa kulia. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo kwa utaratibu, kati ya 120 nilitoa 31. Muuzaji alikasirika, kisha akabadilisha yote, kwa sababu fedha ya mwisho ilikuwa bado mkononi mwangu. Ndipo nikafunga katoni upya na kuandika kwa kalamu nene jina la mteja na mji wake. Kwa meli hadi Dar ni wiki tatu hadi nne. Mama yule aliupokea mzigo wake, akanipigia simu, hakusema neno zaidi ya kuniombea dua.

Na leseni yangu ya eneo huru, ile niliyokuwa nikiilaumu kwa kuninyima duka, ilinifaa kabisa kwa shughuli hii ya kununua na kusafirisha. Ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Isiyokuwa sahihi ni picha niliyokuja nayo kichwani, ya duka la kioo lenye jina langu.

Nilimsimulia hayo bibi mmoja wa Sharjah, raia wa kule, mzaliwa wa Mkunazini, Unguja, ambaye ukoo wake uliondoka baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Alikuwa akija kwenye ofisi ya kago kutuma zawadi kwa jamaa zake waliobaki. Alinisikiliza hadi mwisho. "Wewe mwanangu umetafuta pa kukaa kwanza, ukatafuta watu baadaye," alisema. "Sisi tulifika hatuna pa kukaa, tuna watu tu." Hakuongeza kitu. Akalipia kifurushi chake, akaenda zake.

Mwaka 2018 ulianza vizuri. Nilikuwa na wateja saba, kisha tisa. Julai nikapata simu kutoka Tanga: mama ameanguka bafuni, upande wa kulia haufanyi kazi. Niliondoka Dubai tarehe 9.

Kwa sheria ya kule, mkaazi wa kawaida akikaa nje ya nchi zaidi ya siku 180 mfululizo, ukaazi wake unafutika. Nilikuwa naijua kanuni hiyo kama ninavyojua jina langu. Nikahesabu: mwisho ni tarehe 5 Januari 2019. Katika chumba cha mama kulikuwa na kalenda ya msikiti, na mimi nilikuwa nikiweka alama ndogo ya kalamu kila usiku baada ya kumlaza. Dada yangu alidhani nahesabu siku za dawa.

Mama alikuwa wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, asije akapata vidonda. Alikuwa anasikia kila kitu, maneno tu ndiyo hayakutoka sawasawa. Desemba nilimweleza dada habari ya zile alama. Akasema nenda, siku tatu tu, ugonge muhuri urudi. Mimi nitabaki naye. Ulikuwa ushauri mzuri, na wengi hufanya hivyo. Nikakata tiketi ya tarehe 2 Januari. Nikafunga begi dogo.

Usiku wa tarehe 1 nilipokuwa namgeuza mama, mkono wake wa kushoto ulishika upindo wa khanga yangu, ukabaki umeushika hata alipolala. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikafikiri jambo moja. Ikiwa kuna kitu kinaweza kunitoa hapa, lazima nikijue ni kitu gani. Je, ni wateja? Wateja walikuwa wanahudumiwa: binti wa Kikenya aliyeajiriwa kwenye ile ofisi ya kago alikuwa akiwafungulia mizigo kwa utaratibu niliomfundisha, tukigawana ujira nusu kwa nusu, bosi wake akijua. Je, ni mtaji? Ulikuwa salama. Kilichokuwa kinaniita ni kile kibandiko peke yake. Sikwenda.

Tarehe 5 ikapita. Nilitarajia kuumia na sikuumia kama nilivyodhani. Mwezi ule wa Januari, mwezi ilipokufa ikama yangu, yaani ruhusa ya ukaazi, tulihudumia mizigo ya wateja kumi na mmoja, mwezi mkubwa kuliko yote tangu nianze. Hakuna hata mmoja aliyeuliza viza yangu ina hali gani. Mama alifariki Machi, alfajiri, tukiwa wote wawili chumbani, mimi na dada.

Kampuni haikuzikika kirahisi. Leseni usiyoifunga rasmi huendelea kuzaa faini hata kama hufanyi chochote, na nilipokwenda kwa viza ya matembezi kuimaliza nililipa dirham 6,400: faini, ada ya kufuta viza, ada ya kufunga. Kufunga kampuni kuna bei yake, na hakuna aliyewahi kunitajia bei hiyo siku nilipofungua. Miaka miwili iliyofuata nilifanya kazi kwa kwenda na kurudi kama zamani. Machi 2020 anga likafungwa kwa korona na tukafanya kila kitu kwa simu za video, binti yule akiinua baibui mbele ya taa, mimi nikiwa Tanga namwambia vuta bega.

Kuanzia tarehe 1 Juni 2021 sheria ya kampuni ya Falme za Kiarabu ilibadilika, na mgeni akaruhusiwa kumiliki asilimia 100 ya kampuni ya ndani katika shughuli nyingi. Mwaka 2022 nikafungua upya, safari hii ndani ya Dubai yenyewe, chumba kimoja ghorofani Deira chenye mkataba wa pango uliosajiliwa, na binti yule nikamwajiri. Nilifungua kwa sababu mizigo ilikuwa imenizidi na nilihitaji pahali pa kuihifadhi. Viza ya mwekezaji ikaja juu yake, ya miaka miwili sasa. Hawabandiki tena kwenye pasipoti. Tangu mwaka ule kitambulisho cha mkaazi ndicho kinachotosha. Siku nilipokipokea nilikitia kwenye pochi nikarudi kazini, kulikuwa na katoni 14 zinangoja.

Mambo ya kodi yameongezeka pia. Kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 tangu 2018, na tangu Juni 2023 kuna kodi ya faida ya makampuni, asilimia 9 kwa faida inayozidi dirham 375,000. Mimi sifiki huko, lakini kujisajili ni lazima. Anayekuambia Dubai hakuna kodi anakusimulia habari za zamani.

Julai 2025 nilikuwa Dar wakati serikali yetu ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za rejareja, uwakala wa kutuma fedha kwa simu na ufundi wa simu. Jirani yangu wa fremu alishangilia, na mimi namwelewa. Amekaa Narung'ombe miaka ishirini, akaona mtu anayeleta kontena lake mwenyewe anauza pia pea moja moja mlangoni kwake. Kwetu mgeni anayetaka kuwekeza au kujiajiri huomba kibali cha ukaazi daraja A, na kibali kile hakikukusudiwa kumpa mtu kibanda cha mwenyeji. Lakini usiku ule niliwafikiria pia wale wanaofunga fremu zao. Nami nimewahi kuwa mmoja wao. Najua ilivyo kuambiwa kwa upole kwamba karatasi yako si ya hapa, baada ya kuuza kiwanja cha baba yako.

Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Zamani nilidhani ni maneno ya kukaribishana tu. Sasa naona yanamdai mgeni: amekuja na nini ambacho mwenyeji hakuwa nacho? Kuna wenye mabaibui wasiohesabika Deira, na mtaa ule haukuhitaji duka la mabaibui la mwanamke wa Tanga. Ulihitaji mtu atakayesimama kati ya muuzaji wa pale na mnunuzi wa Lubumbashi, aaminike na wote wawili. Wauzaji wenyewe siku hizi ndio wananitumia wateja, kwa kuwa mzigo uliopita mikononi mwangu haurudishwi.

Kwa hiyo wewe unayenipigia simu, mdogo wangu, ukiwa umeshika bei ya wakala ya kufungua kampuni na kupata ikama: sikukatazi. Nenda kwanza kwa viza ya matembezi, tafuta watu watatu ambao watakulipa kwa jambo unaloliweza, na uwahudumie hadi wakulipe mara ya pili. Kisha rudi kwa wakala wako umwombe akuandikie, kwa karatasi yenye sahihi, mambo matatu: leseni hiyo inakuruhusu kuuza wapi na kwa nani, kuihuisha mwaka wa pili ni kiasi gani, na kuifunga ni kiasi gani. Akikataa kuandika hata moja, usimpe fedha yako.